Midomo ya Kambale

Kambale hana haya. Akihisi kivuli chako kwenye tangi anapanda juu na masharubu yake, anafungua mdomo, na aibu inakushika wewe. Ndiyo maana Mbambu hakupenda kuachwa nao peke yake, na ndiyo maana asubuhi ile, bintiye Annick alipofunga kitenge chake tayari kutoka, moyo ulimwenda mbio.

"Mama, leo tena usiwape kitu," Annick alisema. "Hata punje moja."

Walikuwa na matangi mawili ya saruji nyuma ya nyumba waliyopanga Kalerwe, Kampala, na kambale wale ndio walioilisha nyumba hiyo tangu mama na binti watoke Kongo. Samaki walikuwa wameugua. Mjuaji mmoja akawauzia antibiotiki, ugonjwa ukaisha, lakini dawa ile haikuchagua. Iliua bakteria wabaya, ikaua na wale wazuri wanaokaa tumboni mwa samaki na kumsaidia kusaga chakula. Matumbo yao sasa yalikuwa kama nyumba iliyohamwa. Ukimpa kambale wa namna hiyo chakula kikavu cha kiwandani, kinavimba ndani na kumpasua. Ilibidi wanyimwe chakula kwanza, mpaka Annick alete chupa ya bakteria wazuri kutoka dukani kwa Umulkheir, kule Kisenyi, wachanganye bakteria hao na molasi ya miwa na kuwanyunyiza kwenye punje za chakula.

Yote hayo Mbambu aliyaelewa, tena vizuri. Asije mtu akamwona mjinga.

Annick alipoondoka, mama mtu akakaa mbali na matangi, karibu na jiko, akawa anachambua maharagwe na kuimba wimbo wa kanisani ili asisikie. Akasikia. Mdomo wa kambale ukifunguka juu ya maji hutoa mlio mdogo, pwa, na mmoja akianza wanafuata wote.

Mwaka ule kipindupindu kilipoingia Goma, Reine, mdogo wake Annick, alilala kwenye mkeka akifungua mdomo hivyo hivyo. Majirani walisema maji ndiyo yanayoua: mtoto akinywa anaharisha, ukimnyima tumbo litakauka, atapona. Mbambu akaamini. Aliweka kidumu cha maji nyuma yake, akakilinda kama askari. Reine hakulia, maana hata machozi yalikuwa yamekwisha. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua, mpaka akakata roho. Miaka mingi baadaye, hapa Kampala, nesi mmoja alimweleza huku anaandika mambo mengine kwamba mgonjwa wa kipindupindu huuawa na kukauka, na kwamba dawa yake ya kwanza ni maji. Tangu siku hiyo Reine alihamia kwao. Alikuwa kwenye bomba linalodondoka, alikuwa kwenye sufuria ikianza kuchemka, na Annick alipoanza kufuga kambale, akaingia na kwenye matangi.

Mbambu akaacha maharagwe, akaenda. Alitaka kusema nao tu, basi.

"Ngojeni kidogo," aliwaambia akiinama. "Dada yenu anakuja."

Mmoja mwembamba alibaki juu wenzake walipozama. Akamtazama, akafungua mdomo.

"Haya, mama, kunywa," Mbambu akasema, na damu ikamsisimka kwa kusikia alichokisema. Mkono ulikuwa tayari ndani ya gunia. Alitupa ukufi mmoja, kisha mwingine, na alipoona wanavyogombania akalia kwa furaha, nisikufiche, furaha ya mama aliyeona mgonjwa wake anameza. Hakuacha mpaka gunia likawa jepesi.

Annick alirudi jua likishuka. Kambale walikuwa wanaelea, matumbo yamevimba, meupe, mengine yamepasuka. Aliiweka chini chupa ya bakteria taratibu, kama mtu ambaye bado ana kazi nayo. Hakupiga kelele, na heri angepiga.

"Nani aliwapa?"

"Ni mimi. Balikuwa banaomba," Mbambu alijibu kwa Kiswahili cha kwao Goma.

"Nilikukataza, mama. Sasa tutakula nini?"

"Reine aliomba, nikamnyima. Ulikuwa pale, uliona."

Jina hilo lilikuwa halijawahi kutajwa Kalerwe. Annick alikaa kwenye ukingo wa tangi, hasira yote ikamtoka, na uso wake ukawa wa mtoto.

"Mama, ulishawahi kujiuliza kwa nini mimi nilipona? Nilikuwa mgonjwa sawasawa naye."

"Ni Mungu."

"Ni kidumu. Ukisinzia, nilikuwa napita nyuma yako, nakunywa. Kiu ilinishinda." Alikuwa anasema na maji, si na mama yake. "Na yeye alikuwa ananiona. Kila mara alikuwa ananiona, anafungua mdomo. Sikumpa hata tone. Ulisema maji yatamuua, na mimi sikutaka afe."

Mbambu alijua la kusema. Aseme ulikuwa mtoto, hukuwa na kosa, kosa ni langu. Alinyoosha mkono amshike bega. Lakini kabla maneno hayo hayajafika mdomoni, jingine lilikuwa limeyatangulia, baya, la kumkata maini: mbona hukumpa?

Hakulitamka. Ila Annick alikuwa amegeuka, anamtazama usoni, na akaliona.