Sare Mbili za Eddah

Sweta, jamani. Kiembeni, mwezi wa Februari, jua linachoma hata kuku wanakimbilia uvunguni, na mtoto anaambiwa avae sweta. Eddah alikuwa na hilo moyoni tangu siku Vivian alipoandikishwa shule, lakini alilimeza, akanunua sweta ya rangi ya damu ya mzee kama wazazi wengine. Sasa sweta ya pili imefuliwa miaka mitatu, imeanikwa miaka mitatu, na rangi imekwenda zake. Tsofa, mumewe, aliitazama Jumatatu asubuhi akasema hiyo si damu ya mzee tena, hiyo ni damu ya mgonjwa. Vivian akacheka, akaivaa, akaenda. Saa mbili na nusu alikuwa amerudishwa nyumbani.

Eddah hakusubiri chai ipoe. Alijifunga leso, huyo mpaka shuleni. Mwalimu Justus, mwalimu mkuu, mtu wa Machakos mwenye adabu zake, alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akampa pole. Kisha akasema, "Sheria ni sheria, mama."

Maneno hayo yalimchoma kuliko matusi. Akaapa kwamba Vivian hanunuliwi sweta nyingine mpaka wazazi wakutane, na safari hii haitaondoka sweta peke yake, itaondoka sare yote, sketi, shati na soksi zake. Kufikia Jumanne jioni alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba, na mkutano ukapangwa Ijumaa. Vivian alibaki nyumbani, kazi yake kuwavizia wenzake jioni awaulize wamefundishwa nini.

Lakini wiki hiyohiyo Eddah alikuwa na shughuli nyingine. Jumamosi binti wa Randu, yule wa kwaya, alikuwa anaolewa, na Eddah ndiye mwenyekiti wa kamati ya sare ya kina mama wa kanisa. Hapo sasa hakuwa na mchezo. Kitambaa alikichagua mwenyewe, kitenge cha zambarau chenye maua ya manjano, ukikiona kwa mbali unajua pale pana harusi. Sheria nayo aliitunga mwenyewe. Asiye na sare haingii mstari wa kumsindikiza bibi harusi wala haketi mbele. Atazunguka uani, akae kule kwenye masufuria. Kache, mwanamke mwenye sauti na kifua, alipewa orodha ya majina asimame mlangoni.

Jumatano akaja Nyamvula. Huyu Nyamvula si mpita njia. Ndiye aliyemshika Eddah mkono siku Vivian anazaliwa, Tsofa akiwa kazini bandarini, na tangu hapo ni miaka kumi na miwili wanaombana chumvi bila kuhesabiana. Alisema bila kuzunguka kwamba kitenge hakukipata, na kwamba Jumamosi atakuja na gauni lake la buluu. Nikwambie kweli, roho ilimuuma Eddah. Lakini aliwakumbuka wale wenzake walionung'unika wiki nzima juu ya kitambaa na mwisho wakashona, akaona watasema anampendelea rafikiye.

"Sheria ni sheria, mwenzangu," akasema.

Nyamvula alimtazama kidogo. Akasema haya, akaaga, akaenda zake. Tsofa, aliyekuwa barazani akivua viatu, alianza methali ya nyani na kundule, akaiacha njiani, maana alikuwa hajala.

Ijumaa wazazi walijaa darasa la sita, wamekunjana kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa videvu. Eddah alisimama wa kwanza. Na alisema, mwanamke yule! Aliuliza kama ni sketi inayofanya hesabu au ni mtoto. Aliuliza ni baridi gani hiyo ya Mombasa inayotaka sweta. Wakapiga makofi. Bonface, dereva wa lori aliyetoka bara, akapinga, akasema sare ikiondoka watoto watashindana kwa nguo, na wanawe watatu nguo zitawaishia Jumatano. Naye akapigiwa makofi, maana watu wetu wakishaanza makofi hawabagui.

Eddah akasimama tena kumaliza kazi. "Mtu anayesimama mlangoni akamrudisha mwenziwe kwa sababu ya nguo," akasema, "huyo hana utu."

Makofi yakawa machache safari hii. Kina mama wa kanisa walikuwa wakitazama vidole vyao vya miguu. Nyamvula akainuka kutoka dawati la nyuma, akanyoosha leso yake, akamwamkia mwalimu.

"Mimi mwaka huu nilikuwa na uwezo wa sare moja tu," akasema. "Nikamshonea mjukuu wangu. Asubuhi akisimama mstarini na wenzake, hakuna ajuaye kwetu tumelalia nini. Kwa hivyo sare mimi naipenda, msiniondolee. Nguo haina neno. Neno liko kwa anayekaa mlangoni, kama alivyosema mamake Vivian."

Akaketi. Hakumtazama Eddah hata mara moja.

Aibu ilimpanda Eddah kutoka nyayoni mpaka masikioni. Kumbe kitenge kilikosekana kwa sababu hiyo, na yeye hata kuuliza hakuuliza. Mengine yaliyosemwa hakuyasikia vizuri. Aliambiwa baadaye kwamba sare imebaki, sweta imekuwa hiari, na kuanzia sasa hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu ya nguo. Vivian angerudi darasani Jumatatu. Watu walimpongeza Eddah kwa ushindi, naye akaitikia huku macho yakimtafuta Nyamvula, ambaye alikuwa ameshaondoka.

Jioni hiyo aliwaita kamati, akasema anaifuta ile sheria ya harusi. Hawakutaka kusikia. Walijibana mwezi mzima wakashona kwa sababu ya sheria hiyohiyo, leo aifute harusi ikiwa kesho? Kache ndiye aliyepinga kuliko wote. Eddah aliomba, akabembeleza, akaambiwa aende akalale, asubuhi kuna kazi.

Jumamosi alilitazama gauni lake la zambarau pale lilipotundikwa, limepigwa pasi, mikono imefura kama maandazi. Alilipenda, asikudanganye mtu. Kisha akafungua sanduku, akatoa gauni lake la kijani la tangu Vivian yuko chekechea, akalivaa. Tsofa alimwangalia, akatabasamu, na akawa na akili ya kunyamaza.

Kache alimsimamisha mlangoni. Akamtazama juu mpaka chini, akatazama orodha, ambayo jina la kwanza lilikuwa la Eddah mwenyewe.

"Mamake Vivian, sare iko wapi?"

"Iko nyumbani, imetundikwa."

Kache alihangaika, sura yake haijui icheke au ilie. Nyuma ya Eddah kina mama wa zambarau walikuwa wameshapanga foleni na masikio yao. "Sheria ni sheria," akasema mwishowe, taratibu. "Na uliitunga wewe."

Eddah akakubali kwamba ndiyo, aliitunga yeye. Akazunguka uani.

Nyamvula alikuwa kwenye benchi kando ya masufuria ya pilau, na gauni lake la buluu, akimenya tangawizi iliyobaki kana kwamba aliajiriwa. Eddah alisimama mbele yake. Alikuwa amejipangia maneno mengi mazuri njiani, na yote yakamtoka kichwani.

"Nilikurudisha mlangoni," akasema. "Nisamehe."

Nyamvula aliliangalia lile gauni la kijani, hasa pale ubavuni lilipokuwa linataka kupasuka. Midomo yake ikaanza kucheza. Akachukua sahani, akapakua pilau, akachagua na mfupa wenye nyama. Kisha akasogea, akampisha kwenye benchi.

"Keti ule," akasema. "Huku nyuma hakuna mlango."