Miche Kumi na Miwili ya Mpaka

Jumanne asubuhi, kabla ya kwenda sokoni Mpondwe na furushi lake la vitenge, Hanifah alichuchumaa barazani akang'oa kijiti kutoka kwenye nusu ya kidumu cha njano, akakinusa upande wa chini. Kilikuwa kimeoza. Akang'oa cha pili, nacho kimeoza. Cha tatu kilikuwa kimekauka kabisa, ingawa vyote vilikaa kwenye mchanga mmoja na kunyweshwa kwa kikombe kimoja. Akavitupa vyote kumi na viwili nyuma ya jiko, akanawa mikono, akaenda sokoni. Hiyo ilikuwa mara ya nne.

Vilikuwa vijiti vya mti wa mpaka, ule wenye majani marefu yaliyosongamana kichwani, ambao huko Bwera anakokaa Hanifah kila shamba limezungushiwa. Mti huo hauna makuu. Mtu huukata, huuchomeka ardhini, husahau, nao huota. Wanaume wavivu kuliko wote wa Bwera wana miti ya mpaka iliyopita mapaa ya nyumba zao. Ndiyo maana kushindwa huku kulimuudhi Hanifah kuliko kushindwa jambo gumu.

Chanzo chake kilikuwa mafuriko. Mto Lhubiriha ulijaa ukang'oa mstari mzima wa miti iliyotenganisha kiwanja chake na shamba la jirani yake, Gidioni. Maji yalipopungua, Gidioni alikuwa wa kwanza kutoka na kamba ya kupimia. Alisimamisha nguzo za zege hatua kumi na tano ndani ya kiwanja cha Hanifah. Katika hatua hizo kulikuwa na migomba sita, na kaburi la Hamim, mume wa Hanifah, dereva wa lori aliyefariki mwaka 2011. Migomba Hanifah angeweza kusamehe. Kaburi, hapana.

Kamati ya ardhi iliwasikiliza wote wawili, ikakataza mtu kupanda chochote pale hadi siku ya hukumu. Ikamwambia Hanifah alete vitu viwili: miche kumi na miwili ya mpaka yenye mizizi, idadi ileile ya zamani, na shahidi aliyekuwepo siku mpaka ulipopandwa. Miche ilionekana jambo dogo. Taabu ilikuwa shahidi, kwa sababu mpaka ule ulipandwa na watu wawili tu: Hamim, na Mzee Semu, baba yake Gidioni, aliyemuuzia Hamim kiwanja. Mzee Semu naye alikufa mwaka 2013, na sasa ulikuwa mwaka 2015. Hanifah aliamua kuanza na kilicho chepesi.

Alijifunga kibwebwe. Mara ya kwanza aliweka udongo wenye samadi nzuri akavimwagilia vijiti asubuhi na jioni, kwa huruma, vikaoza. Mara ya pili alipunguza maji, vikakauka. Akaenda kwa Musoki, anayeuza miche kando ya barabara ya Kasese, mwanamke ambaye inasemekana aliwahi kuotesha mpini wa jembe.

"Mama Nasif, juu na chini ya kijiti unajua kutofautisha?" Musoki alimwuliza Hanifah.

"Kijiti iko kijiti."

"Hapana. Ukikiweka kichwa chini, kinangoja tu mpaka kinakufa. Na samadi inakiunguza. Chota muchanga ya mto."

Mara ya tatu, basi, Hanifah alipaka kila kijiti rangi ya kucha upande wa juu ili asikosee. Alitumia mchanga wa mto. Alifuta kisu kwa majivu, akaacha vidonda vya vijiti vikauke kivulini siku mbili, akavifunika kwa mfuko wa plastiki. Vikafa na rangi yao ya kucha.

"Pengine unachungulia," Musoki alisema.

Hanifah akakiri kwamba kila asubuhi alikuwa aking'oa viwili vitatu kutazama kama vimetoa mizizi.

Musoki alisikitika kweli. "Mutu akikufunua blanketi kila asubuhi, utalala?"

Mara ya nne hakuchungulia kwa siku arobaini. Ya nne ndiyo hiyo ya Jumanne. Jioni Musoki alikuja mwenyewe, akashika mchanga, akatazama jua linapofika barazani, akaonja hata maji. Kisha akasema kwamba kila kitu kilifanywa vizuri na yeye hajui. Hanifah aliumia kusikia hivyo, maana mtu akikuambia kosa lako, angalau una cha kurekebisha. Alikata vijiti vingine kumi na viwili kabla giza halijaingia, na hakukuwa na mtu wa kumwambia aache.

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, Mzee Semu alikuja. Alivaa koti alilozikwa nalo, ila viatu hakuwa navyo. Alipiga hodi, akapewa kigoda. Watu waliopita njiani walimsalimia kama wanavyomsalimia mtu aliyekuwa Kasese akarudi. Hanifah alimwuliza habari za huko, kisha akamwuliza habari za Hamim.

"Iko. Anasema atakuja."

Hanifah hakulitegemea sana neno hilo. Hata alipokuwa hai, Hamim alikuwa akisema Jumatatu, anakuja Ijumaa. Lakini alimtamani ghafla, yeye na kelele za lori lake, ikabidi aende jikoni kwa muda. Aliporudi, Mzee Semu alikuwa ameshika kijiti kimoja anakigeuzageuza.

"Unapanda peke yako?"

"Peke yangu, Mzee."

"Makosa iko hapo. Huu muti haukamati na mukono ya mutu moja. Jirani anashika juu, weye unashika chini, munasukuma pamoja. Ukisukuma peke yako, muti itajua aje iko mpaka ya nani na nani?"

"Jirani yangu ni Gidioni. Hawezi kuja kushika."

"Najua. Ndiyo nimekuja."

Desturi hiyo Hanifah aliijua, kama anavyoijua kila mtu Bwera, ila siku zote aliichukua kuwa adabu tu kati ya majirani, haina uhusiano na mizizi. Hata Musoki, alipoambiwa, alijipiga paja. Alisema hakuliwaza hilo kwa sababu maisha yake yote hajawahi kuona mtu anapanda mpaka peke yake.

Walipanda vijiti vyote kumi na viwili, Mzee Semu akishika juu, Hanifah chini. Mkono wa Mzee ulikuwa wa baridi lakini wenye nguvu. Tangu hapo alikuja kila alasiri kutazama. Siku ya tisa Hanifah alivuta kijiti kimoja kidogo tu, nacho kikamkatalia. Siku ya kumi na tano mizizi myeupe ilichungulia kwenye matundu ya chini ya vidumu, na Hanifah, ambaye hakulia mafuriko yalipokuja, alikaa chini akalia kwa furaha.

Habari zilimfikia Vasta, mjane wa Mzee Semu, aliyekaa kwa mwanawe Gidioni. Alimpelekea mumewe viatu, pamoja na ujumbe kwamba kama ana nafasi ya kukaa kwenye baraza za watu, basi mlango wake wa chumbani haufungiki tangu amzike. Mzee alikwenda asubuhi moja akautengeneza. Alasiri alikuwa amerudi kwenye miche.

Siku ya hukumu, kamati ilifika saa nne. Mwenyekiti wake, Mumbere, alivuta mche mmoja baada ya mwingine, yote kumi na miwili ikashikilia, naye akaandika hivyo. Akaita shahidi. Mzee Semu alitembea polepole hadi ng'ambo ya kaburi la Hamim, akakanyaga kwa kisigino mahali ulipokuwa kila mti, mara kumi na mbili, bila kusita. Gidioni alivua kofia, akampa baba yake mkono kwa mikono miwili, akaagiza kiti.

"Baba anasema kweli," Gidioni aliiambia kamati. "Mi sikatae. Mpaka iko pale anakanyaga. Lakini zege yangu imeshakauka."

Mumbere aliandika hilo pia. Kisha akaomba namba ya kitambulisho cha shahidi.

"Hana," alisema Hanifah. "Vitambulisho vilianza kuandikishwa mwaka jana. Yeye alikufa kabla ya hapo."

"Angengoja kidogo," Mumbere alisema, kwa masikitiko.

Mzee Semu alitoa mfukoni mwa koti tiketi ya kodi ya mwaka 1994, ambayo siku hizo ndiyo iliyokuwa kitambulisho cha mtu. Wanakamati walipokezana, na wale wazee wakacheka wakikumbuka walivyokuwa wakijificha vichakani siku za kodi. Kisha wakamrudishia.

"Mzee tumemuona na tumemusikia," Mumbere alisema. "Hakuna mutu hapa anasema Mzee hayuko. Lakini fomu iko na nafasi ya namba, na nafasi haiwezi kubaki wazi."

"Gidioni mwenyewe si amekubali?"

"Amekubali. Lakini fomu haiulizi kama amekubali."

Muhuri ukagongwa. Nguzo za zege zilibaki zilipo.

Hanifah hakukubali. Alimchukua Mzee Semu hadi ofisi ya vitambulisho Kasese, mara tatu, na mara zote tatu mashine haikuona alama za vidole vyake. Karani alikuwa na heshima. Alimfuta Mzee vidole kwa kitambaa, akajaribu tena, akawaambia pengine ni mtandao, warudi mwezi ujao. Hanifah ameandika tarehe hiyo ukutani. Miche iko barazani, imeshapita dirisha. Kila anayetaka kuinunua hufukuzwa, kwa kuwa, anasema Hanifah, mpaka una mahali pake na yeye anapajua.

Gidioni amefunga waya kwenye nguzo na kuweka lango. Kila Jumapili, baada ya alasiri, Hanifah huenda kaburini kumsomea mumewe Yasini. Hubisha, na Mzee Semu husimama nyuma yake, kwani siku hizi naye ni mgeni upande huo. Gidioni hutoka mwenyewe kuwapokea, hatumi mtu. Humwamkia baba yake, humwuliza Mama Nasif habari za nyumbani, huwauliza watakaa muda gani. Hanifah husema nusu saa. Gidioni hutazama saa yake, kisha huwafungulia.