Jogoo wa Mavuno

Fanueli huyo huyo anayepitisha sahani ya sadaka kanisani ndiye aliyesimama mkutanoni akasema mimi si maskini. Hana haya hata kidogo!

Tulikuwa uwanja wa shule, kitongojini kwetu juu ya Mlola, tukihakiki kaya zinazopewa ruzuku ya serikali. Jina langu, Beatha, lilikuwamo kwenye orodha miaka minne. Ruzuku hiyo ndiyo inayomvalisha viatu mjukuu wangu Happiness, ndiyo daftari zake na mchango wake wa uji shuleni. Mama yake amefariki. Baba yake, mwanangu Elisante, alishuka Muheza akapotelea huko.

Mwenyekiti Tobia aliposoma jina langu, Fanueli, mjumbe wa kamati ya ruzuku, akanyanyuka.

"Shikamoo, Mama Elisante."

"Marahaba."

"Ndugu zangu, sina ubaya na mama yangu huyu. Lakini Jumapili ya mavuno alitoa jogoo. Jogoo mzima! Maskini gani anatoa jogoo?"

Watu wakacheka. Hasira zikanipanda hadi macho yakaingia ukungu.

Jamani, nilikuwa na jogoo huyo mmoja tu! Maharage yangu yalikuwa yameozea shambani kwa mvua. Ningeingia kanisani siku ya mavuno mikono mitupu, watu wananitazama? Na sadaka ziliponadiwa baada ya ibada, aliyemnunua kwa bei ya kutupa ni nani? Si Fanueli?

Nikayasema hayo yote, kwa sauti. Tobia akanikatiza.

"Mama, hapa hatujadili mambo ya kanisa. Anayejua kaya hii ni maskini anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Hata jirani yangu Yunis, tunayechota naye maji bomba moja, aliinama akawa anakwangua tope kiatuni. Lakini angejuaje? Siku zisizo na chakula nilikuwa nikiinjika sufuria ya maji matupu ili moshi uonekane, akipita namwambia sisi tumeshakula. Mficha uchi hazai, na mimi nilificha miaka yote. Ujinga wangu mwenyewe.

Tobia akalikata jina langu.

Nikatoka pale moja kwa moja hadi nyumbani kwa Fanueli. Jogoo wangu alikuwa anachakura kwenye majani ya kabichi, kanenepa. Nikamwita kama nilivyozoea, akaja mwenyewe. Nikambana kwapani nikarudi naye uwanjani kabla mkutano haujavunjika.

"Mwizi!" Fanueli akapiga kelele. "Huyo ni mali yangu!"

"Ni mali yako, ndiyo. Nimemchukua kwako, nakwenda kumuuza ninunue daftari za mtoto." Nikamgeukia Tobia. "Mwenyekiti, kwenye umaskini nimekosa shahidi. Haya, uliza tena. Anayejua mimi ni mwizi anyooshe mkono."

Mikono ikapanda uwanja mzima. Wa kwanza ulikuwa wa Yunis.