Mpunga Ulioahidiwa Wageni

Asubuhi hiyo Gede Sukarya alipangusa viti vya gari lake la watalii, akaweka juu ya dashibodi kijisinia cha majani ya mnazi chenye maua na ubani, akapanga chupa za maji kwenye kisanduku cha barafu, kisha akamfungulia baba yake mlango wa nyuma. Baba yake, Pan Sukarya, alikuwa amekufa tangu mwaka juzi. Aliingia polepole, akainamisha kichwa asigonge, akaketi kiti cha mwisho karibu na dirisha. Udongo wa makaburini ulibaki kidogo sakafuni. Gede alikuwa na ufagio mdogo kwa ajili ya kazi hiyo.

"Mpunga umeiva?" baba akauliza.

"Bado, Baba."

"Haya, twende tukautazame."

Katika kijiji chao cha Uma Kutuh maiti huzikwa kwanza, kisha husubiri. Kuchomwa peke yako ni mambo ya wakubwa. Watu wa kawaida hungoja wafu wafike wa kutosha, wachomwe pamoja, majivu yaende baharini, na roho nazo zishike njia zao. Wanaosubiri hulala kimya. Pan Sukarya ndiye peke yake aliyeamka, na kwa kuwa kijiji kizima kilijua sababu, hakuna aliyemsumbua kwa maswali. Mkulima wa Uma Kutuh haondoki duniani na mchele wa dukani. Masurufu anayofungiwa kwenye jani la mgomba na kuwekewa mkononi siku ya moto lazima yatoke kwenye mpunga wa mwisho alioupanda yeye mwenyewe. Pan Sukarya alipandikiza miche yake akiwa mzima, akaugua, akafa kabla haijabeba mimba. Na mpunga ule ulikuwa bado pale pale alipouacha, wa kijani, kimo cha goti.

Haikuwa kosa la mpunga. Mwaka ule Bi Ratih, meneja wa kampuni ya safari kutoka mjini, alikuja na malalamiko: wageni wanavuka bahari kuja kuona kijani, wanakuta mabua makavu na bata. Gede, ambaye ndiye msemaji wa kijiji kwa mambo ya wageni, akamwahidi kwamba majaruba yatakuwa kijani. Kichwani alikuwa na jambo jepesi tu, kwamba wakulima wapokezane, huyu akivuna yule awe na miche. Lakini kwa watu wa Uma Kutuh, makubaliano ambayo hayajasemwa mbele ya miungu ni porojo. Basi akampeleka Bi Ratih kwenye hekalu lililo kichwani mwa mfereji unaoleta maji majarubani, wakaweka matoleo. Na kwa sababu Bi Ratih alikuja na mpiga picha, Gede alisali kwa mbwembwe. Alimwomba Dewi Sri, mama wa mpunga, kwamba mpunga huu usikose ukijani hata siku moja, kwa ajili ya wageni, daima. Bi Ratih naye akakutanisha viganja juu ya paji la uso, akasema na iwe hivyo.

Dewi Sri si mtu wa kuambiwa mara mbili. Tangu siku hiyo hapakuota suke hata moja. Ndege waliacha kuja, kwa kuwa hapakuwa na punje ya kuiba, na sanamu za kuwaamia zikabaki kwa ajili ya picha. Wakulima walikaa kando ya majaruba yao wakinunua mchele wa magunia unaoletwa na malori kutoka ng'ambo ya mlango wa bahari. Walisema una ladha ya maboksi, wakazoea.

Wageni wa siku hiyo walikuwa wawili, Bwana Jayesh na mkewe Bi Kokila, wafanyabiashara wa vitambaa wa Kihindi kutoka Rajkot. Gede aliwachukua hotelini, akawafunga vikoi na mishipi ya hekaluni, akawapeleka kwenye hekalu la chemchemi. Bwana Jayesh alipiga picha kila mdomo wa jiwe unaotoa maji. Bi Kokila aliingia kwenye birika na nguo zake, akainamisha kichwa chini ya maji, akatoka anatetemeka na kucheka. Pan Sukarya hakushuka. Mtu aliyezikwa haingii hekaluni mpaka asafishwe kwa moto, na yeye alikuwa mtu wa kufuata taratibu.

Bi Kokila alirudi garini mapema kukausha nywele. Akamsalimia mzee, akatazama miguu yake yenye udongo wa kaburi, kisha akamgeukia Gede.

"Amefariki lini huyu baba?"

"Mwaka juzi, mama."

"Na hamjamchoma?"

"Kesho kutwa ndiyo zamu ya wote wanaosubiri. Lakini hana masurufu."

Akamweleza. Bi Kokila alisikiliza huku akikamua ncha ya kitambaa chake. Kwao pia wafu huchomwa, na alijua ubaya wa kumchelewesha mtu.

"Sasa ahadi si mmeweka nyinyi wawili? Ifungueni."

"Lazima tuketi wote, mimi na meneja, pale pale tulipoifunga. Kuhani amesema mpunga ukifunguliwa hautangoja. Una misimu yake yote tumboni. Utaiva kabla ya jua kuzama."

"Na huyo meneja?"

"Nimemwomba aje leo. Amesema atakuja."

Pan Sukarya alikuwa akitazama nje. Ndani ya kiganja chake cha kulia alishika kisu kidogo cha kuvunia, kile kinachofichwa kati ya vidole mpunga usikione ukashtuka. Alikuwa amekishika hivyo tangu alipoamka. Gede alimwona kwenye kioo cha mbele. Alimpenda sana baba yake, na hakuwahi kumwambia alipokuwa hai, kwa sababu walikuwa na kazi nyingi.

Waliingia Uma Kutuh mchana. Bonde lilikuwa limejaa kijani kutoka juu hadi mtoni, ngazi kwa ngazi, na maji yanamemetuka katikati ya mashina. Bwana Jayesh alisema "Aah!" kwa sauti, kama wanavyosema wote. Kwenye ukingo palikuwa na bembea ya maua, na wasichana wa kigeni waliovaa magauni marefu ya kukodi walikuwa wakirushwa juu ya bonde, mmoja baada ya mwingine, huku wapiga picha wakiwaambia wainue vidole vya miguu. Pan Sukarya alishuka, akaenda zake kwenye tuta la jaruba lake, akaketi, akaanza kuusemesha mpunga kwa sauti ya chini.

Bi Ratih alikuwa amefika. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuja amevaa kikoi na mshipi wa manjano, na alileta matoleo mazuri kuliko ya Gede, yenye maembe na keki. Mama yake Gede, Men Sukarya, alimpokea kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa na mwanga ambao Gede hakuwa ameuona tangu mazishi. Mama alikwisha kukata jani la mgomba. Alikuwa nalo kwapani, limepashwa moto kidogo lisichanike.

"Mimi nitaketi, Kaka Gede," Bi Ratih akasema. "Na mimi nina wazazi. Ila ahadi hii inalisha wengi. Waulize wenzako. Wakisema ndiyo, twende sasa hivi."

Wenzake walikuwa wamesimama pale, kijiji karibu chote. Wauza madafu, wakodishaji wa magauni, wanawake wa kibanda cha chakula. Walitazama chini. Aliyesema ni Komang Darta, mwenye bembea, rafiki yake Gede tangu walipokuwa wakichunga bata pamoja.

"Ukiiva tutavuna," Darta akasema. "Tukivuna yatabaki mabua. Hebu niambie, bembea yangu itaning'inia juu ya nini?"

"Juu ya mabua, kama zamani."

"Zamani sikuwa na bembea."

"Darta, ni mzee wangu. Alikubeba mgongoni ulipoumwa na nyoka."

"Najua. Nimekataa? Nampenda mzee kuliko unavyodhani." Darta alikuwa na machozi, na aliyafuta kwa ncha ya kilemba chake bila aibu. "Lakini mla ni mla leo, Gede, mla jana kala nini? Nina watoto shuleni. Na wewe hilo gari lako utampakia nani? Bata?"

Mtu mmoja nyuma akacheka.

Bi Kokila akajitokeza mbele na nywele zake mbichi. "Mimi ni mgeni," akasema, "nimelipa kama wengine. Rangi yoyote kwangu sawa."

"Asante sana, mama," Bi Ratih akamjibu kwa upole. "Lakini mgeni mmoja si wageni."

Bwana Jayesh, ambaye hakuwa amefuata mazungumzo, alimwomba mkewe asogee kidogo kulia, kwenye mwanga.

Gede alitaka kusema. Maneno alikuwa nayo, tena makali. Aliwatazama mmoja mmoja, akakuta hakuna hata mmoja asiyekula kwa wageni anaowaleta yeye, wala ambaye yeye hajapata kula kwake. Alilitazama gari lake lilivyong'aa. Akagundua kwamba anangoja mtu mwingine aseme badala yake, na kwamba wote pale wanangoja vivyo hivyo.

Pan Sukarya ndiye aliyesema, kutoka kwenye tuta, bila kugeuka.

"Waache, mwanangu. Watoto wasome."

Men Sukarya alilitoa jani la mgomba kwapani, akalikunja mara mbili. Bi Ratih aliacha matoleo yake hekaluni hata hivyo, kwa heshima. Kisha watu wakarudi kazini, kwa kuwa basi la wageni wengine lilikuwa linaingia.

Siku ya moto, makaburi yalichimbuliwa alfajiri. Familia zilitoa mifupa ya watu wao, zikaiosha, zikaifunga kitambaa cheupe. Kaburi la Pan Sukarya halikuwa na kitu, jambo ambalo lilitarajiwa. Alikuja mwenyewe kwa miguu, amechana nywele, akapanda juu ya kuni zake, akalala chali. Men Sukarya alimfungia mchele wa dukani, akamwekea mkononi. Alikuwa ameuosha mara nyingi, ameutia maua, ameuombea usiku kucha. Mzee aliunusa.

"Si wa kwetu huu," akasema.

"Ndio uliopo, mume wangu. Jaribu."

Akajaribu. Alifumba macho, akakaza mkono, na mtu yeyote aliyemwona angesema kwamba alitaka kwenda kwa moyo wake wote. Moto uliwaka kulia kwake na kushoto kwake. Mama yake Darta, naye aliyekuwa akisubiri zamu yake, alikwenda, na wengine wakaenda, moshi wao ukapanda juu ya minazi ukanyooka. Kuni za Pan Sukarya zilishika moto vizuri, zikaungua zikaisha, na yeye akabaki katikati ya majivu na shuka lake jeupe, halina hata doa. Kuhani alimnyunyizia maji matakatifu, akangoja, akanyunyiza tena. Mwishowe akamshika mkono akamsaidia kuinuka.

Watu walichukua majivu ya wafu wao wakashuka baharini na ngoma na matari. Gede alibaki amesimama. Alilia kwa sauti, kama anavyolia mtu aliyekosa. Huko kwao hawalii mbele ya maiti, machozi huifanya roho iwe nzito kuondoka, lakini roho hii haikuwa na pa kwenda, kwa hiyo hapakuwa na wa kumkataza.

"Baba, nisamehe."

"Kwani umeiba?" mzee akasema, akijipangusa majivu mabegani. "Umeahidi tu. Jioshe uso. Si una wageni saa nane?"

Kweli alikuwa nao. Gede alijiosha, akabadili shati, akawafuata hotelini. Walikuwa vijana wanne wachangamfu, wasafi, wenye adabu, na alipowauliza kama wamekula walimgawia ndizi. Akawapeleka kwenye hekalu la chemchemi, akawaeleza ya kueleza. Kisha akawaleta Uma Kutuh jua likiwa limeanza kulegea, saa ambayo kijani kinapendeza kuliko saa zote.

"Kwani kuko hivi mwaka mzima?" msichana mmoja akauliza.

"Mwaka mzima."

"Mna bahati nyinyi!"

Gede akasema ndiyo, wana bahati.

Msichana alipanda bembea, Darta akamfunga mkanda. Chini, kwenye tuta la jaruba, Men Sukarya alikuwa ameketi kando ya mumewe. Alikuwa amelifungua lile jani la mgomba, ametia wali wa dukani, anakula kidogo kidogo, na kila baada ya tonge alimtazama mzee kama vile anamkaribisha, na mzee alitikisa kichwa kwa upole. Kijana mwenye kamera aliangalia kwenye kioo chake, akarudi nyuma, akaangalia tena. Akamwambia Gede, kwa haya, kwamba wale wazee wawili wanaingia kwenye picha.

Gede alivua viatu, akashuka, akapita juu ya tuta jembamba mpaka walipo. Aliinama, akakutanisha viganja kama inavyompasa mtoto, akawaomba wasogee kidogo.

Wakasogea.