Kipimo Changu Mwenyewe

Jumamosi, tarehe 19 Oktoba 2024. Kasongo iliamka na ukungu. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri na mabati bado yalikuwa yakidondosha maji. Nilipomaliza kusali sikuinuka mkekani. Nilimwomba Mola asiniache peke yangu siku ile ya kutetea kazi yangu ya mwisho wa masomo.

Kwetu mtu hutetea kazi na ukoo wake wote. Akitoka, wanammwagia poda kichwani mpaka shati linakuwa jeupe, wamama wakipiga vigelegele. Mimi ni fundi cherehani, mjane, nimesoma falsafa kwa masomo ya jioni nikiwa na mvi. Watoto wangu wako Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu. Nilipowaalika, mkubwa wao, Nourdine, alinijibu kwa simu:

“Papa, hiyo filozofia inachimbwa wapi? Utuonyeshe shimo, tutakuja wote na pikipiki.”

Nyuma yangu ukumbini alikuwapo mlinzi tu, na wamama wawili waliokuwa wakimngoja mtoto wao atakayetetea baada yangu, poda zao mapajani.

Nilieleza nilichoandika kwa Kifaransa: kwamba wazo hupimwa kwa kile linachobadilisha katika maisha ya watu, na chuo kikuu vilevile. Nilikuwa nimewauliza wakulima wa eneo la Wamaza wanataka nini kwa watu waliosoma.

Mwalimu Zéphirin, mkuu wa jopo la kunitahini, alivua miwani. “Papa Abedi, nikupime kwa kipimo chako mwenyewe. Kwa umri wako, kazi ya serikali huipati tena. Hii kitabu yako imebadilisha maisha ya nani?”

“Ya muuza mafuta ya taa uliyosomea usiku,” akasema Mwalimu Mathilde kando yake. Watahini walicheka.

Niligeuka nyuma kama mtu anayetafuta ndugu. Mama mmoja aliinamisha macho.

“Bado hakuna mutu,” nikasema. “Wameisoma walimu tu.”

“Basi tukupe pointi za nini?”

Niliomba moyoni. Kisha nikasema, “Musinipe leo.”

“Papa, kikao kingine ni mwaka ujao.”

“Najua, Mwalimu.”

Alivaa tena miwani yake. “Simama, useme utafanya nini mpaka hapo, wote wasikie.”

Nilisimama. Sauti yangu ilikuwa ndogo katika ukumbi ule.

“Mimi Abedi, mwana wa Faradji, ninaahidi mbele ya Mungu na mbele yenu: nitakwenda Wamaza, nitawasomea kazi hii kwa Kiswahili wale walionijibu, mpaka mwisho. Wakisema haiwafai, nitaandika nyingine.”