Muthokoi ya Mashine

Syombua alikuwa amechoka, na si uchovu wa kulala ukaisha. Hoteli yake pale Kasikeu ilijulikana kwa muthokoi tu, mahindi yaliyotwangwa kwenye kinu mpaka ganda likatoka, kisha yakachemshwa na mbaazi hadi yakalainika. Kuni zilikuwa zimepanda bei, mafuta nayo hayashikiki, na wateja bado walitaka sahani ijae vilevile.

Mtwangaji alikuwa Kasyoki, mjane wa kule mlimani, ambaye Syombua alimwita Mwaitu, mama, ingawa si yeye aliyemzaa. Kinu ndicho kilichomlisha. Sasa Kanyi, mfanyabiashara wa Malili, alikuwa ameleta gunia la mahindi yaliyokobolewa kwa mashine, bei yake rahisi kuliko ya mama huyo.

"Jaribu tu," alisema. "Wakikataa, nakuja kuchukua gunia yangu."

Siku ya soko Syombua akajaribu. Alipakua huku akiwachungulia watu midomoni. Alitamani mmoja tu akunje uso na kuuliza leo kumeendaje. Wapi! Walikula, wakafuta sahani, wakalipa. Nyamai, dereva wa lori, aliomba nyingine. Syombua aliwakasirikia wote, watu wazima wasiojua wanachokula.

Mchana Mwaitu Kasyoki akaingia na debe lake kichwani, akalitua kwa kuguna, akaketi kwenye benchi lake karibu na jiko. Aliyeleta chakula hakuondoka hapo na njaa, hata siku moja. Kabla Syombua hajafikiri, mkono uliozoea ulikuwa umeshampakulia.

Mama alitafuna polepole, macho ameyafumba.

"Mwiitu wakwa, binti yangu, hii imetoka safi," akasema kwa sauti ya kufika meza zote. "Ganda hata moja hakuna. Watu wananiambia nimezeeka, niwache kutwanga. Mashine gani itatoa kitu kama hii?"

Nyamai akapiga makofi. Syombua angeweza kunyamaza. Lakini wiki ijayo angehitaji uongo mwingine, na baada ya huo mwingine tena, na nguvu za kuubeba wote hakuwa nazo.

"Mwaitu," akasema, akiinama karibu naye, "hiyo si yako. Ni ya mashine. Nisamehe."

Kijiko kikasimama. Mama akavitazama viganja vyake vyenye sugu.

"Na mimi sijajua."

"Hakuna mtu amejua, Mwaitu."

"Basi hii miaka yote nimekuwa nikichoka bure."

Syombua alitaka kumwambia si bure, lakini machozi yakamtoka mbele ya wateja wake. Kasyoki hakulia. Alimaliza sahani, kwa kuwa chakula hakitupwi, akainuka akishika kiuno.

"Debe yako, Mwaitu," Syombua akasema. "Hiyo nitanunua."

"Changanya tu na ile ingine," mama akajibu, akiwa ameshafika mlangoni. "Hakuna mtu atajua."