Taa Zilizolishika Neno

Saa nane mchana, zamu zilipokuwa zikipokezana, Casilda Montejano aliketi mezani pake katika kiwanda cha koili mjini Matamoros, kwenye ukingo wa mto unaoitenga Meksiko na Marekani, akavuta waya wa shaba na kuanza kuuzungusha kwenye kiini cha chuma. Upande wake ulitengeneza choki, kile kidude kizito kinachofichwa ndani ya taa ya tyubu ili umeme usiingie kwa pupa ukaiunguza. Upande wa pili wa ukumbi zilitengenezwa koili za magari, zinazoipa plagi cheche yake. Juu ya meza ya Casilda ilining'inia tyubu kuukuu, iliyokwisha kung'olewa nyaya na kuachwa darini kwa uvivu wa mafundi. Alipoketi, iliwaka.

Rutilia, jirani yake wa mezani, aliinua jicho moja, kisha akaendelea na waya wake.

"Somo, umewaka," alisema.

"Nimeona."

"Mumeo anajua?"

"Atajuaje? Kwetu hakuna hata taa."

"Basi bakini na mshumaa. Mshumaa hauna umbeya." Akapanda kiti, akaifunika tyubu kwa aproni yake.

Watu wa Matamoros hawasemi kwamba mwanamke amejifungua. Husema amemleta mtoto kwenye nuru. Taa zilizotiwa choki na kujaribiwa katika ukumbi ule zililisikia neno hilo mchana kutwa katika mazungumzo ya wanawake, zikalishika kama lilivyo. Tangu hapo, mja mzito akipita chini ya tyubu ya kiwanda kile, iwe na waya au isiwe nao, tyubu huwaka, na hukaa ikiwaka kila akiwa chini yake, mpaka ajifungue. Wanawake waliizoea hali hiyo kama walivyozoea harufu ya vanishi.

Aliyeifurahia zaidi ni Mhandisi Barrientos, msimamizi. Sheria ilimtaka ampe mja mzito likizo yenye ujira na kumhifadhia kadi yake ya hospitali, na yeye hakupenda kufanya lolote kati ya hayo. Zamani alimlipa muuguzi ili awapime wanawake mmoja mmoja. Wiki hiyo alimwachisha muuguzi kazi, akatundika tyubu moja isiyo na waya juu ya lango. Aliyeiwasha hakuonekana tena kiwandani.

Casilda aliihitaji kadi ile kuliko ujira. Mtoto wake wa kwanza alikwama njiani, akazikwa bila kupewa jina. Tabibu alimwambia kwa maneno yasiyo na fumbo kuwa nyonga zake ni nyembamba, na kwamba wa pili atatolewa kwa kisu hospitalini, ama hatatoka hai. Hospitali ilifunguliwa kwa kadi, na kadi ilitolewa na kazi.

Kwa hiyo wanawake walianza kupita langoni kwa pamoja, wameshikana mikono, kundi zima kwa mkupuo. Tyubu iliwaka, lakini haikuweza kunyoosha kidole.

"Ni nani kati yenu?" aliuliza Mzee Lamberto, bawabu, huku akimenya tamali yake, andazi la mahindi lililofungwa kwa ganda la hindi.

"Ni mimi," alijibu Rutilia, ambaye alikuwa na wajukuu, tena alikuwa mjane wa miaka mingi. "Na baba mtu ni wewe. Usijifanye umesahau."

Walicheka wote, na Lamberto alicheka kuliko wote, wakapita. Hali iliendelea hivyo mpaka tumbo la Casilda lilipoanza kusukuma meza. Ndipo Barrientos alipoamuru lango liwekewe vyuma vyembamba, vinavyopitisha mtu mmoja tu.

Casilda alipoingia kati ya vyuma hivyo, taa iliwaka kwa ukali hata Lamberto akashusha kofia usoni. Barrientos alikuwa amesimama pale pale.

"Casilda, binti yangu, umejiuzulu," alisema kwa upole.

"Sijajiuzulu, bosi."

"Sheria inatukataza kumfukuza mja mzito. Nasi sheria tunaiheshimu. Kwa hiyo umejiuzulu."

"Bosi," Rutilia alipaza sauti kutoka nyuma, "wewe ulizaliwa au ulitotolewa?"

"Anayefuata," alisema Barrientos.

Koili ina tabia moja. Umeme unaopita ndani yake ukikatwa ghafla, haikubali. Hurudisha pigo kubwa kuliko ilichopewa, na pigo hilo ndilo cheche ya plagi. Barrientos alipomfungia Casilda lango, koili zote za kiwandani zilirudisha pigo kwa pamoja. Ulimi wa buluu uliruka kutoka kwenye chuma ukamlamba vidole, na magari yote uani, likiwamo lake, yakawaka bila ufunguo na kunguruma mpaka yakaishiwa petroli. Barrientos alipakwa dawa, akaagiza lango litiwe mpini wa mpira. Petroli ilikatwa kwenye mishahara ya wanawake.

Majuma machache baadaye uchungu ulimshika Casilda asubuhi. Rutilia akampeleka hospitali. Walipoingia, tyubu zote za ukumbini, nazo za kiwanda kile, ziliwaka, hata zile zilizokufa tangu hospitali ilipozinduliwa. Karani wa dirishani alishukuru.

"Afadhali. Siku zote nasoma kwa kupapasa."

Kwa mwanga huo aliisoma kanuni vizuri, neno kwa neno: kazi ikikoma, kadi imekoma.

"Mwanangu, mtoto amekwama," alisema Rutilia. "Tutafute kadi au tumtafute daktari?"

"Ingekuwa juu yangu, mama, mngekwisha kupita. Lakini si juu yangu."

"Juu ya nani, basi? Nitajie jina lake, nikamwamshe."

Karani alitazama tena katika kanuni. Jina halikuwamo.

Wakarudi nyumbani kwa Rutilia, wakaita mkunga, wakamlaza Casilda jikoni chini ya tyubu. Ilimulika adhuhuri yote kiasi cha kushinda jua la dirishani. Kwa kawaida taa hizi huzimika mtoto akishatoka. Hii ilizimika kabla. Mkunga aliitazama, akamtazama Rutilia, na wote wawili wakaendelea na kazi kwa utaratibu, kwa kuwa mama alikuwa bado hai. Mtoto alikuwa wa kiume. Safari hii Casilda alimpa jina, akamwita Anselmo, kisha wakamzika.

Mwenyezi Mungu alimjaalia Casilda kupona. Alipoweza kusimama alikwenda kiwandani kuomba kazi, maana njaa haingoji arobaini. Akapita kati ya vyuma. Tyubu ilibaki giza.

"Uko safi, binti yangu," alisema Mzee Lamberto bila kumtazama usoni. "Pita."

Alirudishiwa meza yake. Siku hiyo kulikuwa na agizo kubwa la choki za taa za malango, kwa ajili ya viwanda vyote vya ukingo wa mto, kwani Barrientos alikuwa amewasifia wenzake uvumbuzi wake. Taa zile hazikuhitaji choki, kwa kuwa hazingeunganishwa na umeme wowote. Lakini agizo lilitaka ziwe kamili. Casilda akavuta waya wa shaba, akauzungusha imara kwenye kiini.